Usukani wa Kushoto

Yaya Banza, kaka yangu mkubwa,

Nimekukasirikia. Nalisema hilo kwanza ili usidhani nimekaa chini kukuandikia maneno matamu. Maneno matamu ulipewa siku ya mazishi, na mengine hukuyastahili. Mzee wa kwaya alisimama mbele ya jeneza akasema ulikuwa mtu wa kumaliza kila alichokianza. Mke wako alinitazama, nami nikamtazama. Sisi wawili ndio tunaovijua vitu vyote ulivyoviacha nusu, kuanzia choo cha nje mpaka mlango wa jikoni, lakini tulinyamaza kwa sababu ilikuwa siku yako.

Sasa si siku yako tena. Mwaka umetimia, kilio tumekwisha kukiondoa, mke wako Mama Deo amevua nguo nyeusi, na mimi mdogo wako nina mambo ya kukuambia kuhusu lile gari.

Nakumbuka lilivyofika. Miaka kumi iliyopita, juu ya behewa la wazi, kwa sababu barabara ya kutoka Lubumbashi ingelila kabla halijafika nusu ya safari. Wewe ulikuwa fundi wa reli, uliwabembeleza wenzako wakalifunga kwa minyororo mpaka Kamina. Jekundu, milango miwili, usukani upande wa kulia kama magari yote yanayotoka Japani, na tumbo karibu liguse ardhi. Watu walijaa stesheni kuliona gari la mbio. Uliliwasha, ukapiga honi, ukaenda hatua ishirini, likakwama tumbo juu ya reli. Tulilisukuma watu kumi na mmoja mpaka nyumbani, na wewe umeketi ndani, umeshika usukani, unawapungia watu mkono. Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi ndani akafunga mlango, na tangu siku hiyo hakuwahi kuketi ndani ya gari lile hata mara moja.

Watu wa nchi nyingine, nimewaona kwenye simu, wakinunua gari la namna hiyo hulishusha zaidi na kuliongezea kelele. Sisi tulifanya kinyume. Kwanza ulilipandisha, ukatia springi nzito mpaka likasimama kama mbuzi. Halafu ukakata mabawa yanayofunika magurudumu ili matairi makubwa yaingie. Halafu bamba la chuma chini ya tumbo, limetoka kwenye mlango wa behewa lililooza. Kile kibawa cha nyuma, cha kulishikilia gari chini likikimbia, ukakitoa kwa sababu kuku walikuwa wanalala juu yake. Mwisho wa mwaka wa nne niliuliza limebakiza nini cha mbio. Ulinijibu, "Roho, Numbi. Iko na roho ya mbio." Nilicheka mpaka nikaangusha taa.

Kushika taa ndiyo ilikuwa kazi yangu mwanzoni. Jumapili baada ya ibada nilivua kitenge, nikavaa suruali yako ya zamani ya kazi, nikaingia chini ya gari na wewe. Akina mama wa kanisa walisema mwalimu wa hesabu anajidhalilisha. Waliposema sana ukanipa spana nishike badala ya taa. Nilijifunza polepole, kama ulivyofanya kila kitu polepole. Nikilalamika, ulisema mwenda pole hajikwai. Nami nilikujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na wewe ukacheka, na kazi tukaiacha hapo hapo mpaka Jumapili nyingine.

Ndiyo maana nina hasira. Kifua kilipoanza kukubana uliniambia ni vumbi. Wiki ya pili ukasema ni vumbi la msimu. Nilikusihi uende Lubumbashi ukapimwe. Mama Deo alikufungia begi, akaliweka karibu na kitanda. Treni ilikuja, ikaondoka, ikaja tena. Na wewe mwezi ule wote ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa chini ya gari, unahamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Gari lilikuwa linatembea, Banza! Lilikuwa na usukani mzima, tumeuzoea miaka tisa. Uliutoa, ukahamisha vikanyagio, ukakata dashibodi, na Jumanne asubuhi, kabla ya chai, ukatuacha na gari ambalo halina usukani upande wowote.

Baba Mdogo alikuja kutoka Bukama na kapu la samaki wakavu, akakulilia kuliko sisi sote. Siku ya nne akaomba injini. Simsemi vibaya. Boti yake ya kubebea mihogo na samaki ilikuwa imekufa injini, na unajua desturi yetu, vitu vya marehemu ukoo huvigawa siku ya kuondoa kilio. Mbele ya watu wote alisema, "Banza alikuwa mutoto yangu. Lakini gari yenye haitembee iko chuma tu. Kama siku ya kutosha kilio inatembea, ibakie ku bibi yake na batoto. Kama haitembee, moteur inakuya Bukama, njo basi."

Nikasimama nikasema litatembea. Hakuna aliyeniuliza. Mdomo uliponza kichwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona moyoni injini imetolewa, mwili wa gari umebaki chini ya mabati, kuku wamehamia ndani, na Jumapili mimi sina mahali pa kwenda. Nilitaka libaki zima. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Laiti ungeniachia hata karatasi moja. Nilileta mafundi watatu. Wa kwanza alifungua boneti, akaona kwamba nyaya zote ni nyeusi, zote, kwa sababu ulikuwa na bunda moja tu la waya kutoka kazini. Akaniuliza fundi aliyefanya hivi yuko wapi, nikamwonyesha upande wa makaburi. Akafunga boneti. Wa pili hakupata spana inayoingia kwenye bolti zako za reli. Wa tatu alisema afadhali tuuze vyuma. Basi nikabaki peke yangu na Papa Ramazani wa vipuri, yule wa duka la sokoni. Watu wa ukoo wake walikuja hapa na biashara zao kutoka Maniema, na nadhani damu hiyo ndiyo inayomfanya asikubali kwamba kitu fulani hakipatikani. Alinitafutia bomba la usukani, akanitafutia viungo vyake, kimoja kikaja kirefu, kingine kikaja cha gari jingine kabisa. Kila mara alisema, "Madame, minyi ntarudisha, tutapata ingine." Waya mmoja mmoja niliufuata kwa vidole, nikaubandikia kipande cha plasta na namba. Zilikuwa hamsini na tatu. Nilikutukana kwenye kila namba.

Kitu kimoja nilikikuta tayari. Ile fimbo ya chuma yenye meno, iliyo chini kabisa, inayovuta magurudumu usukani ukizungushwa, ulikuwa umekwisha kuifunga. Ilikuwa ya zamani, ya usukani wa kulia, umeigeuza juu chini ili kichwa chake kitokee kushoto. Nikasema asante Mungu, angalau hiki amemaliza. Juu yake kulikuwa na msalaba mweupe wa chaki. Niliufuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, kwa sababu napenda chuma safi, nikaendelea.

Nilimaliza asubuhi ya siku yenyewe. Akina mama walikuwa wamekwisha kuwasha mioto uani, wanasonga bukari ya unga wa muhogo, na benchi za kanisa zimepangwa chini ya turubai. Nilizungusha usukani, na Papa Ramazani alikuwa ameinama nje karibu na gurudumu. Alipiga kelele, "Inageuka, madame! Inageuka muzuri!" Nikashuka, nikamkumbatia, kofia yake ikaanguka. Mimi, ninayewafokea wanafunzi kila mwaka kwamba mshale usio na mwelekeo haukuambii kitu, sikumuuliza linageukia upande gani.

Baada ya maombi, Baba Mdogo alisimama akasema, "Tuone." Ukoo mzima ukageuka kunitazama. Niliingia, nikaliwasha, likaitika mara ya kwanza. Lango lilikuwa kushoto kwangu. Kulia kulikuwa na masufuria na pipa la munkoyo, kinywaji cha wageni. Nikaachia klachi, nikakata kushoto. Gari likaenda kulia. Nikadhani sijakata vya kutosha, nikakata kushoto zaidi, likaenda kulia zaidi. Akina mama walikimbia na miiko mikononi. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili, bampa ikaligonga pipa taratibu, pipa likainama, na munkoyo wote ukamwagika juu ya viatu vya Baba Mdogo.

Nilikuwa nimeshika usukani, nalia, na nilikuwa nakutukana kwa sauti, yaya, kwa Kiluba, mbele ya mchungaji. Kumbe dirisha lilikuwa wazi. Baba Mdogo alitazama viatu vyake. Akatazama alama za matairi kwenye mchanga, hatua kumi hivi. Halafu akasema, "Minyi nilisema itembee. Sikusema iende wapi." Akaketi. Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Deo. Alicheka akashika mbavu, akaketi chini kwenye matope ya munkoyo na nguo yake mpya. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Basi gari likabaki. Baba Mdogo alirudi Bukama bila injini, na ameniandikia kwenye simu kwamba boti sasa inasukumwa na mashine ya kukopa inayokohoa. Ningepaswa kufurahi. Lakini jioni ile, tulipokuwa tunasugua masufuria, nilimwambia Mama Deo kwamba umenidanganya hata ukiwa kaburini, kwamba umefunga kile chuma chenye meno juu chini, kikavuta magurudumu kinyume, kisha ukafa. Aliniuliza kama kilikuwa na chaki. Nikasema ndiyo, nilikuta msalaba, nikaufuta.

Aliacha kusugua. "Chaki? Banza alikuwa anatia chaki ku kila kintu yenye haiyaisha. Ata ku mulango ya jikoni iko. Ile chuma alikuwa anaifunga tu kwa kupima. Weye haukuniuliza, Numbi."

Ni kweli, sikumuuliza. Mwaka mzima nimepita mbele ya mlango ule wa jikoni wenye msalaba, nimekunywa chai yake, na sikuwahi kumuuliza mke wako kitu chochote kuhusu gari, kwa sababu nilidhani analichukia na halijui. Kosa hilo ni langu na nalichukua. Lakini sikuishia hapo. Nilimuuliza kwa nini hasa uliutoa usukani uliokuwa mzima, mwezi ule, na kifua kile.

Sasa nikukumbushe jinsi tulivyokuwa tunakwenda. Usukani kulia, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori ulikuwa huoni kitu isipokuwa matako ya lori. Mimi niliyeketi kushoto ndiye niliyekuwa naona. Nilitoa kichwa dirishani, vumbi likanijaa mdomoni, nikapiga kelele, "Pita!" Au nikasema, "Bado, bado, kuna baiskeli." Miaka tisa hukuwahi kulipita gari bila mimi kukuambia. Siku ile ya barabara ya Luena, kwenye ule mnyoofu mmoja usio na kona, nilisema pita, ukapita, ukatia gia ya tano, ya kwanza na ya mwisho maishani mwa gari lile. Tulihesabu mpaka ishirini kabla ya mashimo kuanza tena. Ulinigeukia, meno yote nje, ukaniuliza, "Uliona?"

Mama Deo alinijibu kwamba alikukuta chini ya gari, umelala ubavu, huwezi hata kuinua nyundo. Alikugombeza. Akakuuliza kwa nini huendi kupanda treni. Nawe ukamwambia, "Kama niko mufu, Numbi hatakuwa na muntu wa kumuangaliya njia. Lazima aone yeye mwenyewe."

Nilitupa sufuria, yaya. Iligonga ukuta wa jikoni, na alama iko pale.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua, na siku ulizobakiwa nazo ukanichagulia usukani. Watu niliowasimulia wameshika vifua, wamesema, oh, upendo gani huo. Mimi nasema ni upumbavu. Nani alikuomba? Treni ilikuwa inaondoka Jumatano. Ningelikuwa radhi kula vumbi la malori miaka ishirini mingine, kichwa nje, nikipiga kelele pita mpaka sauti inikauke. Hukuniuliza. Na mimi sikumuuliza Mama Deo. Ukoo mzima wa watu wasioulizana.

Papa Ramazani aliipata fimbo yenyewe ya kushoto, kutoka kwa gari lililopata ajali huko Lubumbashi, ikaja kwa treni imefungwa ndani ya gunia. Ilinichukua Jumapili tatu. Bolti mbili hazikuingia, nikachonga matundu upya kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Safari hii nilimwita Mama Deo asimame nje, na nikamuuliza kila mara ni upande gani. Alijibu kwa mkono, hakutaka kupiga kelele. Sasa nikikata kushoto, linakwenda kushoto. Taa zinawaka, honi inalia, nyaya zina namba. Hakuna kilichobaki cha kufanya.

Hapo ndipo hasira ilipozidi. Nilikaa chini ya mabati, spana mapajani, nikatafuta kitu kilicholegea nikikaze, sikukipata. Mwaka mzima nilikuwa nasema moyoni, hiki atakuja kukifanya Banza, hiki nimwachie. Nilikuwa nakuwekea kazi. Mtu mzima, mwalimu, najua hesabu ya mtu aliyekufa ni ngapi, na bado nilikuwa nakuwekea.

Jumamosi iliyopita nimempeleka Mama Deo kwa dada yake, Luena. Ndiyo, ameketi ndani. Alifuta kiti kwa kanga kwanza, akafunga mkanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Aliketi kulia, pale ulipokuwa unaketi wewe, na mimi nilikuwa kushoto, pale nilipoketi miaka yote, ila sasa usukani ulikuwa mbele yangu. Tulikwenda vizuri. Kabla ya ule mnyoofu tulifika nyuma ya lori la makala, limejaa mpaka limepinda, linakwenda mwendo wa mtu mwenye haja ya kulala.

Niliona kila kitu. Sikuhitaji hata kutoa kichwa. Mbele palikuwa peupe, hakuna baiskeli, hakuna mbuzi, hakuna mtu. Nikabaki nyuma. Vumbi likaingia, Mama Deo akajifunika mdomo kwa kanga, na mimi nikabaki nyuma ya lori. Mnyoofu wote ulikwisha hivyo. Mwishowe aliniuliza, bila ukali, "Unangojea nini, Numbi?"

Nilikuwa nangojea mtu aseme pita.

Hakuniuliza tena. Alinishika goti tu, akaliachia, akatazama nje. Tulifika Luena weupe wa vumbi, sote wawili, dada yake akatucheka mlangoni.

Basi, yaya, nakuaga. Siwezi kukuambia kwamba nimekusamehe. Labda litakuja, labda halitakuja, na wewe una muda wa kungoja kuliko mimi. Mama Deo anakusalimu. Mlango wa jikoni ataumaliza fundi wa mbao, nimekwisha kumwita. Jumamosi ijayo nitarudi Luena kumchukua. Barabara ni ile ile, na malori yapo kila siku. Nakuahidi, nikiona mbele ni peupe, nitapita.

Mdogo wako,
Numbi